Bunduki ya upepo kutoka kiwandani hadi kuyeyushwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha huku Uingereza, na kila nikirudi Pwani au nikikaa na Waswahili wenzangu wa huku, maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mfano ninaoutumia zaidi ni bunduki ya springi ya Weihrauch, inayotengenezwa Ujerumani na kuuzwa sana Uingereza, kwa kuwa ndiyo ninayoijua nje ndani. Sehemu ya mwisho, ya namna ya kuachana nayo, nimeirefusha makusudi: watu huiahirisha mpaka mwenye bunduki amefariki, na waliobaki hawajui waanzie wapi.

## Mambo ya kwanza

1. Bunduki ya upepo ni nini hasa?

Ni bunduki inayorusha risasi kwa hewa iliyobanwa, bila baruti na bila ganda. Utakutana na aina tatu. Ya springi: unaukunja mtutu kuelekea chini, springi iliyo ndani inabanwa na kunaswa. Ukivuta kifyatulio, springi inaachiliwa, inaisukuma pistoni, pistoni inaibana hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo inapenya kwenye tundu dogo na kuisukuma risasi. Ya mtungi: hewa imeshajazwa kabla, mara nyingi kufikia bar 200 au zaidi (bar ni kipimo cha mbano wa hewa), na kila ukifyatua inatoka kidogo. Ya tatu hutumia kaboni dayoksaidi kutoka kwenye kichupa cha chuma.

Risasi zake ni ndogo, zimebanwa kiunoni kama ngoma ndogo iliyobanwa katikati, na zinazotumika zaidi zina kipenyo cha milimita 4.5 au 5.5.

2. Si mchezo wa watoto?

Hapana, na hili ndilo swali linaloniumiza kuliko yote. Risasi ya gramu 0.547 ikitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 244 kwa sekunde ina nishati ya takribani jouli 16.3. Hiyo inatosha kuingia jichoni au kwenye paji la uso na kuua. Mwaka 2005 mtoto wa miaka miwili aliuawa Glasgow kwa risasi moja ya bunduki ya aina hii, na kifo chake ndicho kilichoisukuma Scotland kudai leseni (tazama jibu la 8).

Wazee wa Ulaya walilijua hili mapema. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za upepo za Girandoni kuanzia miaka ya 1780, na msafara wa wavumbuzi Lewis na Clark ulibeba bunduki ya upepo ulipovuka bara la Marekani mwanzoni mwa karne ya 19. Tangu 1984 bunduki ya upepo ya mita 10 imo katika Olimpiki, ambako alama ya kumi ni nukta yenye upana wa nusu milimita. Kinachoweza kupiga nukta hiyo kila mara si kitu cha kumwachia mtoto uani.

3. Inaishi miaka mingapi?

Chuma chake kinaweza kumzika mwenyewe, mwanawe na mjukuu wake. Zipo bunduki za BSA za Birmingham zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ambazo bado zinapiga shabaha Jumapili. Visivyodumu ni vitu vidogo: sili (kizuizi cha hewa isivuje), springi, skrubu. Kwa hiyo unaponunua bunduki ya springi iliyo nzuri, hesabu kwamba wewe ni mmoja tu kati ya wenyewe kadhaa. Ya mtungi ina hesabu tofauti (jibu la 13).

## Kiwandani

4. Zinatengenezwa wapi?

Zenye jina kubwa hutoka sehemu chache. Diana ilianzishwa Rastatt, Ujerumani, mwaka 1890. BSA iko Birmingham na Air Arms iko Hailsham, kusini mwa Uingereza. Za mashindano ya Olimpiki hutoka hasa kusini mwa Ujerumani: Feinwerkbau iko Oberndorf, Walther na Anschütz ziko Ulm.

Weihrauch ina hadithi yake. Ilianza mwaka 1899 Zella St. Blasii, katika jimbo la Thuringia. Baada ya Vita ya Pili jimbo hilo likaangukia upande wa Wasovieti, na familia ikaanza upya mwaka 1948 katika mji mdogo wa Mellrichstadt, Bavaria, si mbali na mpaka uliokuja kuigawa nchi. Wakati ule Wajerumani hawakuruhusiwa kutengeneza silaha za baruti; bunduki za upepo ziliruhusiwa mapema zaidi, na ndizo zilizokirudisha kiwanda kwenye kazi. Modeli ya HW 35 iliyotoka miaka ya 1950 ilikuja kudumu sokoni kwa miongo mingi.

5. Mtutu unatengenezwaje?

Hapa ndipo bei inapotoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Huanza na ufito wa chuma cha pua uliojaa, usio na tundu. Unatobolewa katikati kwa keekee ndefu ambayo yenyewe ina kijitundu ndani; mafuta husukumwa kwa nguvu kupitia kijitundu hicho, yakaipoza ncha na kuzitoa chembe za chuma. Kutoboa tundu jembamba na refu bila kwenda upande ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Kisha tundu linasawazishwa mpaka ling'ae.

Halafu inakuja mifuo, ile mistari inayozunguka ndani ya mtutu na kuizungusha risasi isiyumbe hewani. Njia moja ni kuvuta kichwa kigumu chenye umbo la mifuo kikapita kwenye tundu kwa nguvu. Hakikati chuma, bali hukisukuma kando. Njia nyingine ni kuweka ufito wenye mifuo ndani ya tundu, kisha nyundo za mashine zikaupiga mtutu kwa nje mpaka ndani kuchukue umbo hilo. Mtutu wa Weihrauch hubanwa kidogo sana karibu na mdomo, ili kila risasi itoke ikiwa na kipimo kimoja.

Mdomo wenyewe unakerezwa kwa uangalifu wa pekee. Mkwaruzo mmoja pale huiachia hewa itoke upande mmoja kabla ya mwingine, na risasi inapinda. Nimeona watu wakibadilisha darubini mara mbili kutafuta kosa ambalo muda wote lilikuwa kwenye mdomo wa mtutu, baada ya bunduki kuegemezwa sakafuni kichwa chini.

Springi nayo hukunjwa kutoka kwenye waya wa chuma kigumu, ikapitishwa kwenye joto, kisha ikabanwa kabisa ili ifupike mara moja kiwandani badala ya kufupika mikononi mwako. Rangi nyeusi yenye mng'ao wa samawati si rangi ya kupaka: vyuma huchovywa kwenye chumvi kali iliyochemshwa, na uso wa chuma wenyewe hugeuka. Ndiyo maana jasho la mkono linaweza kuitia kutu. Utando ule ni mwembamba mno.

6. Na mbao?

Kitako cha kawaida ni cha mti wa biichi, cha ghali ni cha mjozi. Mbao hukaushwa kwanza, kwa sababu mbichi ikijipinda huipinda na shabaha. Viwanda kadhaa hununua vitako kwa mafundi wa nje, kama Minelli wa Italia.

7. Mbona iliyonunuliwa Ujerumani ina nguvu chini ya nusu ya ile ya Uingereza?

Ni sheria, wala fundi hakukosea. Ujerumani mtu mzima wa miaka 18 anaruhusiwa kununua bila kibali bunduki isiyozidi jouli 7.5, nayo hugongwa herufi F ndani ya pembetano. England na Wales kikomo ni futi-paundi 12, yaani zile jouli 16.3. Kiwanda huweka springi tofauti kulingana na soko, na vingine vyote vinaweza kuwa vile vile.

Usimsikilize anayekwambia ubadilishe springi tu. Ukivuka kikomo, bunduki imekuwa silaha ya leseni, na kwa mujibu wa sheria wewe unaimiliki isivyo halali hata kama hukujua.

## Kununua na kumiliki

8. Uingereza nahitaji leseni?

Inategemea uko sehemu gani. England na Wales: ukiwa na miaka 18 na bunduki haizidi kikomo kilichotajwa juu, huhitaji leseni. Lakini duka lazima liwe la muuzaji aliyesajiliwa, litaandika jina na anwani yako, na lazima ukabidhiwe ana kwa ana. Scotland: tangu tarehe 31 Desemba 2016 unahitaji cheti cha polisi. Ireland ya Kaskazini: chochote kinachozidi jouli 1 kinahitaji cheti.

Tangu Februari 2011 sheria pia inakutaka uchukue hatua za kutosha ili aliye chini ya miaka 18 asiifikie bila ruhusa. Kabati la kufuli linatosha. Nyuma ya mlango wa chumbani hapatoshi. Na kuibeba hadharani bila sababu ya maana ni kosa hata ikiwa haina risasi.

9. Naweza kumtumia kaka yangu Tanga au Mombasa?

Usianze na bunduki, anza na kibali. Anayepokea ndiye aende kwanza polisi, aulize kwa mujibu wa sheria ya silaha ya nchi yake (Kenya ni Sura ya 114, Tanzania ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015), apate jibu la maandishi, ndipo wewe uzungumze na forodha na shirika la ndege. Neno "ya upepo" halina uzito wowote mbele ya ofisa aliyeona mtutu kwenye mashine ya kukagua mizigo. Kufumba macho na kuifunga ndani ya godoro, kama nilivyowahi kusikia mtu akishauriwa, ni kumfungulia ndugu yako kesi.

## Kuitumia na kuitunza

10. Nini huharibika kwanza?

Sili ya pistoni, kisha springi. Zamani sili zilikuwa za ngozi na zilitaka kutiwa mafuta mara kwa mara. Siku hizi ni za plastiki ngumu. Dalili ni mwendo wa risasi kushuka au kupandapanda ovyo. Springi iliyochoka husikika: inakwaruza na kuacha mtetemo baada ya kufyatua.

Makosa mawili hufupisha maisha ya vyote viwili. La kwanza ni kufyatua bila risasi. Risasi ndiyo inayoizuia hewa kwa kitambo kidogo, na hewa hiyo ndiyo godoro la pistoni. Bila risasi pistoni inagonga chuma kwa chuma. La pili ni kuiacha imekokiwa usiku kucha.

11. Kwa nini inatoa moshi na mlio kama wa baruti?

Umetia mafuta mengi, au si ya namna yake. Pistoni inaibana hewa ghafla kiasi cha kuipandisha joto hadi mafuta yanashika moto, kama ndani ya injini ya dizeli. Bunduki mpya inaweza kutoa moshi kidogo siku za mwanzo kwa mafuta ya kiwandani, na hilo huisha lenyewe. Ikilipuka kila mara, acha kupiga: inachoma sili na kuvunja springi. Kamwe usitie mafuta ya injini au ya cherehani kupitia tundu la hewa. Tumia grisi yenye molibdenamu kwa springi na pistoni, kidogo tu, na kitambaa chenye mafuta mepesi kwa nje.

12. Naweza kuifungua mwenyewe?

Ukiwa na kibano cha springi, ndiyo. Bila kibano, hapana. Hata bunduki isiyokokiwa, springi yake ndani iko chini ya mbano, na kizibo cha nyuma kikiachia kinaruka na kila kilicho nyuma yake.

Hata katika matumizi ya kawaida, ukiwa unaweka risasi ushike mtutu kwa mkono mwingine muda wote. Kinaso kikiteleza, mtutu unarudi juu kwa nguvu ya springi nzima, na vidole vikiwa pale vinakatika.

13. Ya mtungi ina muda wa mwisho?

Ndiyo, na tarehe imegongwa kwenye mtungi. Mitungi ya bunduki za mashindano kwa kawaida hupewa miaka 10, na kwenye mashindano ya kimataifa mpigaji ndiye anayewajibika kuhakikisha wake haujapitwa na wakati. Kila ukiujaza na kuutumia, alumini inatanuka na kurudi, na uchovu huo hauonekani kwa macho. Bunduki yenyewe haifi. Unanunua mtungi mpya. Mtungi mkubwa wa kujazia nao hupimwa kwa vipindi na wenye vifaa vya kupimia.

14. Risasi zilizokwisha kupigwa zinaenda wapi?

Kiswahili kimeipa metali na kitu kitokacho mtutuni jina moja, risasi, na ukweli ni kwamba nyingi bado ni za metali hiyo. Ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, usizishike mdomoni (wazee wengi walifanya hivyo), na uwe na kisanduku cha chuma cha kuzidaka nyuma ya shabaha. Kisanduku kikijaa, kinachukuliwa na mnunuzi wa metali chakavu. Usiziyeyushe jikoni, zinayeyuka kwa nyuzi 327 tu, na hilo ndilo linalowashawishi watu. Zipo pia za bati na zinki, nyepesi na ghali zaidi, ambazo zafaa kwa anayepiga uani kwake mahali penye mboga au kuku.

## Kuachana nayo

15. Baba amefariki, tumeikuta darini. Tunaanzia wapi?

Msiielekeze kwa mtu, msiguse kifyatulio, na watoto watoke chumbani. Kama ni ya kukunja mtutu na mtutu unashuka kilegevu bila kupingwa na springi, maana yake imekokiwa. Msitie kidole popote. Urudisheni mtutu juu taratibu, muiweke ikielekea ukuta mnene, na mmpigie muuzaji silaha aliyesajiliwa au polisi kwa nambari ya 101. Risasi inaweza kuwa imo tangu enzi za baba.

Kama springi inapinga, basi haijakokiwa. Ifungeni kwenye begi na muihifadhi kwa kufuli mpaka mtakapoamua. Kama mko Scotland, msikae nayo wiki bila kuwaarifu polisi, kwa sababu ya cheti kilichotajwa kwenye jibu la 8.

16. Tuuze, tutoe au tuharibu?

Ikiwa ni nzima na ina jina, ningeuza kupitia muuzaji aliyesajiliwa. Anajua nani anaruhusiwa, anaandika, na jina la marehemu halibaki kwenye kitu kilicho mikononi mwa asiyejulikana. Klabu nyingi pia hupokea kwa furaha bunduki za kufundishia.

Kumpa mpwa wa miaka 15 kama kumbukumbu ya babu ni kosa, hata kwa nia njema. Mtu mzima aihifadhi mpaka afikishe 18. Na kama nyumbani kuna mtu ambaye familia inamhofia maisha yake, msipige hesabu za bei. Itoke leo.

17. Naweza kuitupa kwenye pipa au kwa wanunuzi wa vyuma chakavu?

Usifanye hivyo. Mfanyakazi wa taka ataona bunduki, si chuma; ataita polisi, na eneo zima litafungwa. Au mwingine ataiokota. Mtutu na springi havijui kwamba umevitupa.

Njia ni kuisalimisha. Piga 101, eleza ulichonacho, fuata watakavyokuambia kuhusu kituo na saa, kisha uipeleke ikiwa imefungwa kwenye begi na haina risasi. Scotland, kabla ya sheria yake kuanza, polisi walifungua kampeni ya wiki tatu katikati ya 2016, na watu wakasalimisha zaidi ya silaha za upepo 11,000. Nyingi zilikuwa zimelala kabatini bila kazi.

18. Kuharibiwa ni kufanywa nini?

Ni kukatwa, kusagwa na kuyeyushwa. Chuma hurudi kuwa malighafi. Moto wa kuni peke yake hauyeyushi: mnamo Novemba 2016 Kenya ilichoma silaha haramu 5,250 huko Ngong, na moto wa namna hiyo hula mbao, hulegeza springi na kuondoa ugumu wa chuma, lakini chuma cha pua huyeyuka karibu na nyuzi 1,500.

19. Nikitoa springi tu nikaitundika ukutani?

Springi mpya inanunuliwa kwa siku moja, kwa hiyo hujaiua, umeilaza. Na hata isipopiga, mwizi akiitoa nje, anayeelekezewa hajui kwamba haina springi. Kama unachotaka ni kumbukumbu, ningebakiza kitako peke yake. Najua familia moja iliyosalimisha vyuma na kukitundika kitako cha mjozi cha babu yao, chenye alama ya shavu lake lililosugua pale miaka thelathini.

20. Na zile za springi ya gesi, au za makasha ya hewa?

Springi ya gesi ni silinda iliyojazwa gesi kwa mbano mkubwa badala ya waya wa chuma. Haionekani kuwa na hatari, na hapo ndipo hatari ilipo: ukiikata kwa msumeno au ukiitia motoni, inapasuka. Mtungi wa hewa ni vivyo hivyo. Toa hewa yote kwanza, ufungue, ndipo uharibiwe ukiwa wazi. Kazi hizi waachieni wenye karakana.

Za makasha, ambazo kila risasi huja na kasha lake dogo la hewa, ni habari nyingine kabisa. Uingereza zilipigwa marufuku, na waliokuwa nazo walipewa hadi tarehe 30 Aprili 2004 kupata cheti cha silaha au kuzisalimisha. Ukiikuta moja kwenye sanduku la marehemu, yenye makasha ya shaba yanayofanana na risasi za bastola, usiipeleke dukani wala kwa jirani anayejua bunduki. Iache pale ilipo na upige simu polisi ukiwa nyumbani, waje kuichukua wenyewe.